Namba Saba Inainama

Saa tisa na dakika ishirini usiku. Karmøy, Novemba.
Kahawa imeota ngozi kikombeni.
Kwenye skrini, namba saba inachora mstari
unaopanda na kushuka, unaopanda na kushuka,
kila sekunde thelathini na moja,
na kila mara unapanda zaidi kidogo.

Si dhoruba. Dhoruba ningeielewa.
Upepo ni mita kumi na sita, wa kawaida kwa majira haya;
mawimbi yana adabu.
Mnara umesimama majini kama chupa iliyotiwa kokoto,
minyororo mitatu, na hakuna uliokatika.
Oddvar wa zamu anauliza: basi nani anautikisa?

Kinachoutikisa ki nguoni mwake.
Ni programu yangu, Oddvar. Niliiandika Machi, nikajisifu.

Mtambo wa nchi kavu una mguu ardhini.
Upepo ukizidi, kidhibiti huyageuza mapanga upande,
kama mtu apitaye mlangoni na ubao mpana,
na nguvu ya ziada ikapita bila kugusa kitu.
Kadiri kinavyojibu upesi ndivyo kinavyosifiwa.
Nilikichukua kilivyo, nikakipandisha juu ya maji.

Lakini huku, mnara ukiinama kuuelekea upepo,
mapanga yanahisi upepo umeongezeka.
Haujaongezeka. Ni yenyewe yanayokwenda kuulaki.
Kidhibiti, mtumishi mwepesi, kinayageuza, kinaachia,
na ule msukumo uliokuwa kifuani pa mnara,
ukiuzuia kama kiganja,
unaondoka pale pale unapohitajika.
Mnara unazidi kuinama.
Ukirudi nyuma, kinadhani upepo umelegea;
kinakamata tena, kinausukuma huko huko unakoangukia.
Hivyo ndivyo mtoto anavyosukumwa kwenye bembea:
kidogo, kwa wakati wake, kwa nia njema.

Jumamosi nilimtembeza mama kwenye korido ya wagonjwa.
Nyonga mpya, wiki ya tatu.
Torbjørg, miaka themanini na moja,
aliyeendesha kreni kiwandani hadi wakamnyang'anya funguo.
Nilimshika kiwiko. Akiyumba kushoto, navuta kulia;
akiyumba kulia, nimeshavuta.
Tulifika dirishani kama walevi wawili.
Akasimama, akanitazama:
"Gunnvor, hunishiki. Unanijibu."

Sikumwelewa. Nilinuna hadi kwenye maegesho.

Nyuzi sita na nusu.
Ikifika saba, mtambo utajizima, na asubuhi nitaandika barua.
Nafungua faili. Namba moja, naipunguza hadi theluthi.
Nakiambia kidhibiti: kuwa mzito kuliko mnara.
Si kila kitu ukione.
Na mstari mmoja niliouahirisha tangu kiangazi:
kihisi cha juu kipime mwendo wa mnara wenyewe,
mapanga yajue kipi ni upepo na kipi ni sisi.

Oddvar anasema watu wa gridi watalalamika,
rota itakimbia na kulegea, umeme hautanyooka.
Kweli. Utulivu hununuliwa mahali.
Waambie Bergen megawati zitacheza kidogo;
taa zao hazitajua.

Tunangoja. Sekunde thelathini na moja ni ndefu
kuliko ulivyofundishwa.
Sita na nusu.
Sita na robo.
Sita na robo tena (nikashika ukingo wa meza).
Tano.

Saa kumi na moja mstari umetulia. Si bapa.
Bado unapanda na kushuka, kama blanketi la aliyelala,
na sitaugusa.
Oddvar amesinzia, buti moja mguuni.
Jumamosi nitakwenda tena kwenye ile korido.
Nitauweka mkono wangu karibu na kiwiko chake, karibu tu.
Sijui kama nitaweza.
Faili la mkono huu
sijui liko wapi.