Macho Mawili

Baba alikuwa haoni tena
mwaka ule aliponifundisha kupogoa.
Vikope vilikwisha kumla mboni zote mbili,
lakini kidole gumba cha mkono wake wa kulia
kilijua kila shina la shamba letu la Mpunguzi:
ekari moja na robo, mistari thelathini na miwili,
nguzo za mgunga zilizoliwa na mchwa upande wa machweo.

Kila shina alilianza kwa salamu.
"Mbukwa," husema, akilipapasa shingo,
na asubuhi moja nikaitikia kwa sauti ya mzabibu.
Alicheka hadi mkasi ukamponyoka.

"Hesabu kutoka chini. Jicho la kwanza. Jicho la pili.
Hapo. Kata mshazari, mteremko utazame nyuma,
chozi la mti lisiliangukie jicho."
"Na la tatu?"
"La tatu ni tamaa.
Acha matano, utavuna majani ya kuezekea banda,
zabibu utazionea kwa jirani."

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Sikuona ajabu, kipofu kunisisitizia
niache macho mawili.

Mwaka ambao lori la kiwanda halikuja
vichala vilichachia juani, nyuki wakawa wenye shamba.
Mama akaosha pipa la buluu lililokuwa la maji,
tukakamua kwa mikono, mimi na Ndahani kaka yangu,
hadi viwiko vikawa vya zambarau,
na shuleni mwalimu akaniuliza nani kanipiga.
Ile ya kwanza ikawa siki.
Baba akaonja, akakunja uso, akameza kwa heshima.
"Siki nayo ina mnunuzi," akasema,
na kweli, wauza chipsi wa stendi walimaliza ndoo tatu.
Ya pili ikawa divai. Kali, yenye machicha chini,
lakini divai; padri alichukua madumu mawili
akarudi kuuliza kama yapo mengine.

Ndiye aliyetuletea mgeni, mkulima wa ng'ambo,
vidole vyake vina makovu yaleyale ya Baba.
Kwao, alisema, ukoo mmoja umelima kilima kimoja
miaka mia tatu.
Baba alikaa kimya, kisha akauliza kupitia kwa padri:
"Na katika hao wote, hakuna aliyetaka kuuza?"
Mgeni akakuna kisogo.
"Kila kizazi," akajibu, "angalau mmoja."
Wakashikana mikono muda mrefu,
kama watu waliogundua wana mkwe mmoja.

Sasa kizazi ni chetu.
Watu wa ardhi wamesimika mawe ya mipaka
kuanzia mstari wa ishirini na tisa hadi wa mwisho,
na Ndahani anapiga simu kutoka Mwanza:
"Sechelela, kiwanja kimoja tu ni mavuno ya miaka kumi.
Wakishajenga pande zote, mizabibu utaipanda juu ya paa?"
Hana ubaya. Ana ada za watoto watatu.
Nami sina hesabu ya kumjibu,
nina mkasi, na mwezi wa tisa,
na upepo huu unaopasua midomo.

Leo nimepogoa tangu alfajiri, nikafika penye jiwe.
Saruji imelibana shina, gome linabanduka
kama karatasi ya daftari la zamani.
Nikafumba macho, nikaweka gumba.
Mbukwa.
La kwanza. La pili.
Mkasi ukapanda, ukasimama chini ya la tatu,
na kule barabarani trekta la kokoto likapita,
nikangoja mpaka vumbi litue.

Baba, ulisema la tatu ni tamaa.
Shamba zima nimelipogoa kama ulivyotaka,
isipokuwa shina hili.
Hapa tamaa sikuikata.