Mkia wa Neno

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
juu ya maktaba ya Fraserburgh, zulia likinuka ubichi,
Bwana Penhallow, kijana wa kusini mwenye koo safi,
anatufundisha kuuliza: nini, wapi, lini.
Viringa midomo, anasema, kama mtu anayepuliza chai.
Nasi tunapuliza, Walatvia wawili, Mreno mmoja, mimi,
magamba ya samaki yangali kuchani.

Asubuhi kiwandani, saa kumi na moja na baridi yake,
Muriel Cowie ananisogelea, kisu mkononi:
"Fit like, quine?"
Nilikuwa na kamusi nzima kichwani, sikupata hata ukurasa.
Miezi miwili nilidhani anauliza kama koti la kazi linanitosha.
Nikamjibu: ndiyo, asante, ila mabegani linabana.
Mstari mzima ulicheka mpaka msimamizi akaja kutazama.

Kumbe huku ile pumzi ya kuuliza huumwa.
Nini ni fit. Wapi ni far. Lini ni fan.
Meno ya juu juu ya mdomo wa chini, akanionyesha Muriel,
chai yako achana nayo, binti, iume.

Bwana Penhallow hupenda vipande.
Hukata neno ubaoni kama sisi tukatavyo minofu,
kichwa huku, mkia kule, mwiba katikati.
Kiambishi hiki cha mbele, anasema, hulirudisha tendo:
kilichofungwa kikafunguliwa,
kilichokunjwa kikakunjuliwa.
Nikanyoosha mkono. Na aliyezaliwa? Na aliyezikwa?
Akakaa na chaki yake.
Maneno hayo yapo, akasema,
ila hayana maana unayoitaka.

Kwetu Klaipėda mwanamke hubeba ndoa mkiani mwa jina.
Baba alinipa -aitė. Mume akaing'oa, akapachika -ienė,
kisha akaenda zake Norwe, na mkia ukabaki.
Benki ya hapa wanausoma kama kikohozi.

Wiki ya vitenzi vikaidi mvua ilinyesha kwa ubavu.
Kwenda, tuliambiwa, jana yake si yake.
Aliichukua kwa kitenzi kingine, mzururaji wa njia za kupinda,
kilichokufa zamani kikaacha koti.
Kwenda akalivaa. Halimkai vibaya.
Niliyaandika hayo pembeni mwa daftari
na kupigia mstari mara mbili, sijui kwa nini.
Muriel ana jana yake nyingine, gaed,
iliyoshonwa nyumbani kwa uzi uleule.

Halafu ile -ie, ambayo kitabu cha darasani hakina.
Muriel hupunguza kila kitu: mashua ni kijimashua,
kikombe ni kijikombe, meneja ni kijimeneja,
dhoruba iliyobeba paa la kanisa, kimvua tu.
Mama yangu alikuwa hivyo hivyo.
Audronė, jina langu, limetoka katika neno tufani;
yeye alilitia mkia mwembamba, -ėlė,
nikawa kitufani cha kutia mfukoni mwa aproni.
Tangu tumzike, miaka sita, hakuna aliyenipunguza.

Juzi trei ilikuwa ikiteleza.
"Mind yer fingers, quinie," akasema Muriel,
bila kuinua macho, akivuta kamasi.
Quinie. Kibinti. Nina miaka arobaini na minne.
Nikaweka kisu chini, nikajifanya nafunga upya glavu.

Mtihani wa Machi ulikuwa wa kujaza nafasi.
Swali la tisa: unaishi wapi, neno la kwanza limeachwa.
Mkono uliandika Far, kwa wino.
Nililijua jibu. Nililipuliza hata, kimyakimya,
Mreno akageuka kunitazama.
Sikulifuta.

Bwana Penhallow alilizungushia duara jekundu,
akainama mezani pangu, mpole kama kawaida yake:
"Hapa ulimaanisha mbali?"
Nje taa za bandari zilikuwa zimeshawashwa.
Nikasema, na hiyo pia.