Nyuzi Sita

Kitanda kimeinamishwa nyuzi sita,
kichwa chini, miguu juu,
mshazari mdogo hata mgeni hauoni
mpaka aweke gololi juu ya ubao wake.

Gašper Kobal, fundi wa mapaa,
aliyezeeka akitembea juu ya vigae vya watu,
sasa amelala siku sitini kwa mkataba.
Haruhusiwi kuketi hata kwa ajili ya supu.
Damu inamjaa usoni, kope zinavimba.
"Nimekuwa popo," alisema siku ya tatu,
"ila popo halipwi."

Utafiti wetu unauliza jambo dogo:
mwili usipobeba uzito wake, husahau nini kwanza?
Wanaokwenda angani wanataka jibu.
Wadi za mifupa nazo zinalitaka,
lakini hazina bajeti ya roketi.

Walichagua kwa bahasha.
Wa kijani waliruka
kwenye mtambo wa mhandisi Ožbej:
kigari cha reli, springi, mikanda ya mabega;
mtu anaruka akiwa amelala, anatua ukutani kwa miguu,
mara arobaini na nane, dakika nne, basi.
Gašper alipata nyeupe.
Kila asubuhi aliwasikia nyuma ya ukuta,
du, du, du,
akahesabu kwa sauti, kama mtu anayehesabu mvua ya mawe
juu ya paa alilolijenga mwenyewe.

Kazi yangu ni shavu la mguu.
Napaka jeli baridi, natembeza kifaa cha mawimbi,
na kwenye kioo nyuzi za msuli zinaonekana zimelala pamoja
kama pamba iliyochanwa, bado haijasokotwa.
Siku ya kwanza, milimita kumi na tisa.
Siku ya ishirini, kumi na saba na nukta tatu.
Siku ya arobaini nilipima mara tatu
nikiomba mkono wangu uwe umekosea.
Haukukosea.

Jioni nashuka Kranj kwa basi la saa kumi na mbili na robo.
Mama yangu, Zofka, amelala kwenye kitanda kisicho na pembe.
Miaka minne, bila mkataba.
Alisokota nyuzi kiwandani tangu usichana wake,
alijua kwa ncha ya kidole uzi utakaokatika
kabla haujakatika.
Kiwanda kikafungwa, nyonga ikafuata.
Nami, mpimaji wa miguu ya watu,
wake sikuwahi kuupima.

Siku ya hamsini na tatu nilichukua ubao wa kukatia mkate,
nikausimamisha miguuni pake, nikaukaza kwa goti.
"Sukuma, mama."
"Nisukume nini, mkate?"
"Nisukume mimi."
Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya pili alicheka, na kicheko kikamla nguvu.
Mara ya sita ubao ukaniuma gotini.

Sampuli ya mtu mmoja, hakuna kundi la kulinganisha,
mpimaji ni binti yake:
Profesa Lavrič angeitupa, na angekuwa na haki.
Sikuandika popote.

Siku ya sitini na moja walimwinua Gašper taratibu, amefungwa mezani.
Akawa mweupe kuliko bahasha yake,
dakika ya nne akazimia.
Alipozinduka aliuliza: wale warukaji, walisimama muda gani?
"Karibu wote, dakika zote kumi na tano."
Akanyamaza.
"Basi mtambo unafanya kazi," akasema,
kwa sauti ya fundi anayelisifu paa la mshindani.

Makala ilitoka baada ya miezi kumi na minne.
Mchoro wa tatu, nukta nyeupe, ya chini kuliko zote:
ndiye.
Nilimtumia ukurasa ule.
Alijibu kwa picha bila neno:
viatu vyake viwili, vigae vyenye umande,
na bonde lote chini limeinama,
zaidi sana ya nyuzi sita.

Mkate, siku hizi, tunaukatia kwenye sahani.