Bahasha Mbili

Bahasha mbili juu ya friji, Saint Paul.
Moja: famasia kwa miaka mitatu, bila likizo,
na mkopo mnene kama theluji ya Februari.
Nyingine: minne, na Julai za kuchuma matango
shambani kwa mama, nje ya mji.

Ngojangoja huumiza matumbo, wanasema.
Haraka huumiza nini, hawakusema.

Baba amemwaga vidonge mezani,
vyeupe vya presha, vya njano sijui vya nini.
"Pa Nhia, nihesabie."
Navisogeza vitano vitano kwa kisu cha siagi,
kama wafanyavyo dukani.
Kimoja kinabiringika chini ya jiko.

Napiga magoti na tochi.
"Kiache," asema, "vipo vingi."

Ana miaka sabini na minne.
Natafuta kalamu.
Mitatu.