Filimbi ya Kyeshero

Jumapili, saa nane, ziwa limejaa vichwa.
Byamungu wa ulinzi wa raia amekuja na filimbi,
karatasi moja, na koo lililokauka.

"Bendera ikiwa ya njano, ogeni, ila masikio yawe nje ya maji.
Ikiwa nyekundu, tokeni. Msirudi kuchukua nguo."

"Nguo?" anauliza Kavugho, povu la sabuni hadi shingoni.
"Nipite mjini hivi hivi, mama wa watoto sita?"
Tunacheka. Naye anacheka, kisha anasoma:

mazuku ni hewa nzito, hulala mabondeni,
haina harufu, mbuzi huanguka kabla yako;
pandeni juu.
Moto nao huteremka kutoka juu;
shukeni chini.

Kimya. Mtoto mmoja anapiga mbizi.

"Sasa juu au chini, Bwana Byamungu?"

Anageuza karatasi. Upande wa pili mweupe.
"Pembeni," anasema. "Barabara ya Sake. Kwa miguu. Mshikane mikono."

Anavua viatu, anakunja suruali,
anaingia hadi magotini kutuhesabu, anakosea, anaanza upya:
mia moja na kumi na wawili,
na mlinda nguo wetu, Kambere, miaka tisa,
aliyekalia jiwe jeusi la moto wa zamani,
anayeijua kila suruali kwa jina la mwenyewe,
mgongo kaupa maji,
macho mlimani tangu asubuhi.

Byamungu anamtazama kwa muda.
Kisha anavua filimbi shingoni.