Fundi Vitasa Atoka Sinema

Wiki hii nimeona tatu.
Baridi ya Julai imeivaa Montevideo
kama koti la marehemu mjomba, zito, linanuka tumbaku,
na dukani hakuingia mtu
ila bibi mmoja aliyejifungia nje, paka wake ndani.
Basi saa kumi na moja nikateremsha mlango wa bati,
chupa ya maji moto na kibuyu cha majani machungu kwapani,
nikaenda kukaa gizani na watu nisiowajua.

Jumanne, ya majambazi.
Nasema mapema: sikuipenda, na haki ninayo.
Miaka thelathini na minne nafungua milango ya watu.
Yule mwizi mwenye shingo nzuri
alichomeka kibanio cha nywele kwenye sefu ya benki,
akatega sikio kama mkunga,
tak! Ikafunguka.
Nikacheka peke yangu. Mama wa mbele akanigeukia.
Mama, kibanio kile hakifungui hata sanduku la barua!
Lakini kuna pale mwishoni, sekunde kumi labda:
jambazi amerudi kwake, mkoba umefura noti,
anapapasa mfukoni funguo za nyumba yake mwenyewe.
Hazipo.
Anakaa kwenye ngazi, mvua inamnyea.
Hapo waliniweza.
Mwongozaji, ungeanzia hapo ungekuwa na filamu.

Alhamisi, vichekesho.
Wilfredo wa duka la viatu ndiye aliyenivuta:
"Utacheka mpaka mbavu ziombe radhi."
Harusi. Keki. Mbwa kameza pete.
Ukumbi mzima hoi,
Wilfredo anapiga goti langu akidhani lake.
Mimi? Jiwe.
Kichekesho kinachokukonyeza kabla hakijafika
ni mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa kitini.

Halafu Ijumaa asubuhi nachonga ufunguo wa mteja,
mashine inalia,
nikamkumbuka mhudumu, yule wa nyuma kabisa,
hana jina, hana neno,
anaila keki iliyoanguka, kwa uma, taratibu, kwa heshima zote,
huku wenzake wakikimbizana na mbwa.
Nikacheka mpaka ufunguo ukaharibika.
Nikachonga mwingine bure.
Kwa hiyo nafuta niliyosema. Nusu yake.

Jana, ya anga za juu.
Chombo kikubwa, milango yafunguka yenyewe ukikaribia, fyuu.
Dunia ya kesho, naona, haina kazi nami.
Wataalamu wanaeleza,
wanachora duara juu ya kioo, wanaeleza tena,
mpaka nikaliombea lile jiwe la angani lifike upesi.
Nibia wa tiketi akaja kukaa kiti cha pili yangu, akavua viatu.
Ameiona mara kumi na tisa.
"Ngoja," akaninong'oneza. "Sasa hivi."
Sasa hivi nini?
Rubani, yule mwanamke mwenye mvi,
kabaki peke yake, miaka mitano hadi nyumbani.
Anaukata mlango mmoja umeme,
anautia kitasa, cha kizamani,
kakiunda mwenyewe kwa mabaki ya mitambo.
Kila usiku anafunga. Kila asubuhi anafungua.
Hakuna mwizi huko. Hakuna hodi.
Na hawakueleza! Saa mbili za maneno, hapo wakanyamaza.

(Kitasa kilikuwa kimewekwa kichwa chini, miguu juu,
kwa wanaotaka kujua.
Nimemsamehe.)

Nje, upepo wa mto ulitukata masikio.
Nibia alikuwa akilipiga teke geti la sinema:
kufuli linagoma tangu Machi.
Nikamwambia nitakuja Jumatatu na mafuta.
"Jumatatu tunabadilisha filamu," akasema.
Najua.