Usiku wa Kuamkia Sensa

Karani alikuja na kishikwambi na kizibao kipya,
akaketi kwenye kigoda cha Mfaume bila kujua.
"Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo ni wangapi?"
Baba akasema, watano.
Mama, kutoka jikoni, akasema, sita.
Kidole cha karani kikabaki hewani.

Nikamvuta pembeni, penye pipa la maji, nikamweleza.
Kaka yangu. Mfaume Nalinga, miaka ishirini na sita.
Aliondoka hapa Mnyambe mwezi wa kumi, mnada wa pili,
kwenda Tandahimba kufuatilia malipo ya korosho,
kilo mia nne na kumi na mbili, stakabadhi mfukoni.
Alivaa shati la kijani, kifungo cha juu kimekatika,
kile nilichoahidi kukishona.
Bodaboda alimshusha mbele ya ghala.
Mlinzi wa ghala hakumwona.
Kati ya aliyemshusha na asiyemwona
pana hatua thelathini.
Nimezihesabu kwenda, nimezihesabu kurudi.

Kituoni tulipewa namba ya jalada.
Mama hajui kusoma; aliinakili kwa mkaa nyuma ya mlango,
tarakimu moja moja, kama anachora mifupa ya samaki.
Askari wa kwanza alihamishiwa Songea.
Wa pili aliuliza kama kaka alikuwa na mwanamke Msumbiji.
Wa tatu alikuwa mpole sana.
Alituomba tuanze mwanzo.

Watu nao wana yao.
Kavuka Ruvuma, yuko Mueda, kafungua duka la simu.
Pesa ya korosho ina macho, wewe.
Mganga wa Mahuta alimwona ndani ya beseni:
mzima, ameketi, ametupa mgongo.
Alitaka jogoo na elfu themanini ili amgeuze.
Tulitoa.
Nani angeridhika na mgongo?

Kiswahili chenyewe kimetugawa nyumba.
Mama husema: Mfaume anapenda ming'oko.
Baba husema: alikuwa anapenda.
Wifi Somoe amevikimbia vitenzi vyote.
Huweka sahani mkekani na kusema tu,
"Ming'oko. Ya Mfaume."
Hakukaa eda, hakupewa talaka.
Shehe alimwambia asubiri, hakumwambia mpaka lini.
Mtoto wao akiulizwa shuleni baba yuko wapi
hujibu, "Tandahimba,"
na hakuna mtu mzima humu ndani
mwenye ushahidi wa kumsahihisha.

Mwaka jana namba yake iliita.
Kila Ijumaa mama aliipiga, kila Ijumaa haikupatikana,
siku hiyo ikaita, ikapokelewa.
Msichana. Yuko Nachingwea, anakaanga chipsi,
laini kasajili juzi kwa kidole chake mwenyewe.
Mama akalia. Msichana hakukata simu.
Mpaka leo, kila Ijumaa, wanaongea:
bei ya viazi, mafua, mafuta yalivyopanda.
Mfaume hatajwi.
Wiki iliyopita nilimsikia mama akimuuliza,
"Umekula, mwanangu?"
Baba akachukua mashine ya salfa akaenda kupulizia mikorosho
jua la saa nane, saa ambayo hakuna anayepulizia.

Yote haya sikumwambia karani. Nilimwambia nusu,
naye ana nyumba kumi na saba za kumaliza kabla ya magharibi.
Akarudi kwenye kigoda, akabonyeza.
Sikuona aliandika ngapi.

Lilibaki swali moja, na alilisoma kwa sauti ndogo
kama mtu aliyesukumiwa mlango asioutaka.
"Katika miezi kumi na miwili iliyopita,
kuna kifo chochote kimetokea ndani ya kaya hii?"

Mama alitokeza jikoni, mikono ina unga.
Baba aliangalia nyuma ya mlango.
"Hakuna," walisema,
wote wawili, kwa pumzi moja.

Karani akafunga kishikwambi.
Alipoinuka alikipangusa kigoda kwa kiganja, taratibu,
kama mtu aliyegundua
kwamba kilikuwa kimekaliwa.